Kitambaa Chekundu Kwenye Matuta

Nilifika Machakos nikiwa nimekaa juu ya magunia ya simiti. Lori lilitoka Athi River asubuhi, na dereva alikubali kunibeba kwa sababu nilimrekebishia baiskeli ya mwanawe bila kumdai kitu. Baiskeli yangu mwenyewe, blakmamba kuukuu iliyokuwa na kerieri pana ya chuma, ilikuwa imefungwa kwa kamba nyuma yangu. Kila mara lori lilipopita kwenye shimo, kengele yake ililia.

Lakini safari yenyewe haikuanza Athi River. Ilianza Bungoma, miaka mingi kabla, nilipomaliza kidato cha nne nikaona sina jambo la kunikalisha nyumbani. Nilikaa Eldoret nikifanya kazi kwenye karakana ya matela. Nikakaa Nakuru, nikakaa Gilgil, nikarudi Nakuru. Kericho nilichuma majani ya chai msimu mmoja, na mpaka leo nikinusa majani mabichi baada ya mvua namkumbuka mama mmoja aliyetupikia uji pale kambini, ambaye sura yake nimeisahau kabisa. Halafu Naivasha, kwenye maua. Halafu Athi River, ambako vumbi la simiti lilinikalia kifuani mpaka nikawa nakohoa kama injini ya dizeli. Hakuna aliyenifukuza popote kati ya sehemu hizo. Nilikuwa naamka siku moja naona pameisha, kama sabuni inavyoisha, nafunga virago.

Machakos nilifika mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya ile mvua kubwa iliyobomoa madaraja. Lori lilipopanda kona za mwisho niliona milima imekatwa ngazi kutoka chini hadi juu, matuta juu ya matuta, na mahindi yamesimama juu ya kila ngazi. Nilikuwa sijawahi kuona mlima mzima uliofanyiwa kazi kwa jembe. Nikasema hapa nitapumzika kidogo.

Nilipata kibanda karibu na soko nikawa fundi wa baiskeli. Kazi ilikuwa nyingi, maana maji ya mjini yalikuwa ya shida na wauza maji walizunguka kutwa na mitungi minne minne nyuma ya baiskeli. Spoki zilikatika, matairi yalipasuka, nami sikukosa chakula. Rafiki yangu wa kwanza alikuwa mmoja wa wauza maji hao, mtu mfupi wa umri wangu aliyekuwa na vigimbi vya miguu kama viazi vitamu. Alikuwa akija na pancha, anakaa kwenye kopo la rangi, ananitania.

"Fundi, nyinyi watu wa Magharibi mnapenda kuku. Hapa utakufa njaa, ni muthokoi tu, mahindi makavu na maharagwe."

"Nimeshazoea muthokoi."

"Umezoea? Basi tukupe shamba na bibi, umalize kabisa."

Alikuwa anacheka, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria mambo hayo mawili.

Mwanamke mwenyewe aliuza machungwa na parachichi hatua chache kutoka kibandani kwangu. Alikuwa ameolewa zamani, ndoa ikavunjika, akarudi kwa baba yake na binti mmoja. Baba yake alikuwa na shamba nje kidogo ya mji, kwenye mteremko unaotazama mto wa mchanga. Nilianza kwa kununua machungwa nisiyoyahitaji. Halafu nikawa nampelekea mizigo nyumbani jioni kwa baiskeli. Halafu, bila mtu kutangaza chochote, watu wakaanza kunihesabu kama mtu wa upande ule, hata ikafika wakati wa kiangazi nikaitwa kwenye mwethya.

Mwethya ni watu wa kijiji kukusanyika kulima shamba la mmoja wao, leo kwako, wiki ijayo kwa jirani. Pale walikuwa wanachimba matuta. Unachimba mtaro, unarusha udongo upande wa juu, ule udongo unakuwa ukingo, na ukingo unapandwa majani ya nepia ili mizizi iushike. Wanawake waliimba, sisi wanaume tukachimba, mikono yangu ikatoka malengelenge ingawa nilidhani ni migumu. Nilipotaka kuvuka kwenda kuchukua maji, nikapandisha mguu juu ya ukingo mpya. Baba yake yule mwanamke alinishika shati.

"Hapo usikanyage," alisema. "Hapo ni kama utosi wa mtoto. Pita njia."

Njia ilikuwa pembeni mwa shamba, inazunguka kama nyoka, mara tatu ya urefu. Nilipita njia. Baada ya misimu mitatu ya mwethya nilikuwa sihitaji kuambiwa. Mguu wenyewe ulijua.

Mzee huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na alisali Jumapili bila kukosa. Siku moja nilipokuwa nafunga mizigo uani, alimuuliza binti yake kwa sauti ambayo mimi pia niliisikia, "Huyu fundi wako ametoka Bungoma akaacha, Nakuru akaacha, chai akaacha, maua akaacha. Kuna kitu amewahi kumaliza?"

Watu wote uani walicheka. Mimi pia nilicheka. Mwanamke hakucheka, aliendelea kupanga parachichi. Nilipanda baiskeli nikateremka mjini, na maneno yale yakateremka pamoja nami. Usiku sikuyaona tena kuwa mzaha. Niliona kwamba kama ningeweza kumwonyesha yule mzee kitu kimoja tu nilichokimaliza, ningeweza kwenda mbele yake na kumwomba binti yake kama watu wengine wanavyofanya.

Na kitu kilichokuwa karibu yangu kilikuwa mbio za baiskeli.

Mbio hizo zililetwa na mwalimu mmoja wa shule ya misheni aliyesoma ng'ambo. Huko aliona wazungu wakishindana kwa baiskeli wakati wa baridi, katika matope, wakishuka na kubeba baiskeli begani penye vizuizi, wakizunguka njia ileile mara nyingi. Akasema sisi tunabeba baiskeli kila siku, mbona tusishindane? Basi kila mwaka, wikendi moja baada ya mvua za Novemba kuanza, alipanga mizunguko: unaanzia uwanja wa shule, unaruka magogo, unateremka hadi mto wa mchanga, unavuka umebeba baiskeli, unapanda matuta ya shamba la mtu, unarudi uwanjani. Jumamosi mara moja, Jumapili tena baada ya kanisa.

Vijana walitoka mjini, Kangundo, Athi River, wengine na baiskeli za gia. Sisi tuliopita arobaini tulikuwa daraja la wazee, lakini kwa sababu siku ni fupi na kanisa ni refu, tulianza pamoja nao. Kulikuwa na sheria moja iliyotuua: kijana anayeongoza akikufikia kwa nyuma, umetolewa. Msimamizi anakupungia kitambaa chekundu usoni, unashuka, unaenda kando. Lakini ukiweza kuvuka mstari wa uwanjani kabla yake anapokuja kumaliza, unaruhusiwa kuendesha mzunguko wako wa mwisho peke yako, hata kama watu wameshaenda nyumbani, na unahesabiwa kuwa umemaliza.

Nilikuwa nimeshiriki miaka miwili. Miaka yote miwili nilikiona kitambaa. Mwaka huo nilikuwa nimetimiza arobaini na moja, na nilitoa kerieri ya baiskeli, nikatoa na madigadi, nikaipaka cheni mafuta ya cherehani. Kila alfajiri nilikimbia mtoni na baiskeli begani. Fremu ya blakmamba ni nzito. Ilinichubua bega mpaka nikaanza kuweka kitambaa cha sweta ndani ya shati. Mwanamke aliliona lile bega.

"Unabeba nini huko?"

"Baiskeli."

"Si baiskeli ndiyo inabeba mtu?"

"Mwaka huu nataka kumaliza," nilimwambia. "Njoo uone. Mwambie na mzee aje."

Aliniangalia kama mtu anayetaka kusema kitu, akaamua kuuza machungwa.

Jumamosi mchanga wa mtoni ulikuwa mkavu, unameza miguu hadi kifundoni. Watu walikaa kwenye kingo za mto kama waliokuja kuangalia harusi, na hawakutuhurumia.

"Mzee, shuka uisaidie baiskeli!"

"Huyo fundi amebeba mgonjwa! Mpelekeni hospitali wote wawili!"

Rafiki yangu muuza maji alikuwa mbele yangu, anakimbia kwa hatua fupifupi. Mtu akamwita, "Leo maji ni ya bure ama?" Akajibu bila kugeuka, "Leo ni machozi tu, njoo na mtungi!" Watu walicheka hata mimi nikapoteza pumzi. Katikati ya mbio nilifikiwa palepale mchangani. Kijana aliyeongoza alinipita akiwa amebeba baiskeli yake kwa mkono mmoja kama kikapu. Kitambaa. Nilikaa kando nikatapika maji.

Mzee hakuwa amekuja. Binti yake alikuja, akanipa chungwa lililomenywa, akasema, "Kesho si lazima."

"Kesho ni lazima," nilisema.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi nilikwenda mtoni kabla ya kanisa, nikakuta maji yamepita na kuondoka, na mchanga umeshikana kama sakafu. Niliukanyaga kwa kisigino. Haukuzama. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo kwa sababu ya mchanga. Mahali nilipokuwa natolewa kila mwaka sasa ningeweza kupita nikiwa juu ya baiskeli, na uzito wa blakmamba ungenisaidia badala ya kuniua.

Kanisani nilikaa nyuma. Mahubiri yalikuwa marefu. Nilimwona mzee upande wa mbele, koti lake la kijivu, na nikamwona binti yake akimnong'oneza kitu, naye akitikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo angekuja.

Tulianza jua likiwa kali na ardhi ikitoa mvuke. Mzunguko wa kwanza nilipita mtoni bila kushuka, nikawaacha wazee wote nyuma. Wa pili vilevile. Watu waliacha kunitania, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mmoja alisema, "Huyu leo amekula nini?" Kwenye matuta ya shamba la baba yake yule mwanamke pekee ndiko nilikopoteza muda. Mwalimu alikuwa amechora mstari wa chokaa kupanda moja kwa moja, ukingo baada ya ukingo, kutoka mwanya wa chini wa shamba hadi mwanya wa juu. Sheria ilikuwa usiikose mianya hiyo miwili, basi. Vijana walirusha baiskeli begani wakaruka kingo kama mbuzi. Sisi wazee tuliingia kwenye njia ya pembeni tukazunguka. Hatukuwa tumepatana kabla. Nilimwona muuza maji akizunguka, nikamwona mwalimu mmoja mstaafu akizunguka, na mzee mmoja mkulima wa kahawa akizunguka huku amebeba baiskeli juu ya kichwa kama mzigo wa kuni. Udongo ulikuwa umelowa. Hakuna mtu mwenye umri wetu pale ambaye angekanyaga ukingo uliolowa.

Mizunguko ilipita. Wenzangu wote walitolewa mmoja mmoja. Nilipoingia mtoni katika mzunguko wangu wa kabla ya mwisho nilisikia kelele uwanjani, ile rimu ya gari inayopigwa kwa chuma badala ya kengele, na nikajua kijana anayeongoza ameanza mzunguko wake wa mwisho. Alikuwa nyuma yangu kwa sehemu kubwa ya njia. Nikifika uwanjani kabla yake, nimemaliza. Mzunguko uliobaki ningeuendesha hata kwa kutambaa.

Nilivuka mto. Nilifika mwanya wa chini wa shamba la mzee na nikageuka, nikamwona yule kijana anashuka ukingo wa mto upande wa pili, shati la manjano. Nilishuka nikabeba. Muuza maji alikuwa amesimama juu, pamoja na waliotolewa, anapunga mikono yote miwili.

"Fundi, pita katikati! Katikati! Fuata chokaa!"

Nilimsikia vizuri. Nilikuwa na nguvu ya kupanda kingo zile. Sisemi kwamba nilichoka. Chokaa ilikuwa mbele yangu, imeshavurugwa na viatu vya vijana, nepia imelala. Lakini nilipoinua macho miguu ilikuwa imeshaingia njia ya pembeni, na nilikuwa nazunguka. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Bega linawaka. Kona ya tatu nilisikia udongo ukimeguka upande wangu wa kulia, hatua kubwa kubwa, na shati la manjano likapanda moja kwa moja kama mtu anayepanda ngazi za benki. Tulifika mwanya wa juu pamoja. Yeye akatangulia.

Msimamizi alikuwa mama wa kanisa letu. "Pole, fundi," alisema, akapunga kitambaa.

Muuza maji alikuja akanipokea baiskeli.

"Kwa nini hukupita katikati?"

"Na wewe mbona hukupita?"

Alifikiria. "Mimi hata siwezi," alisema.

Niliangaza macho kumtafuta mzee wa koti la kijivu. Hakuwapo. Binti yake aliniambia baadaye kwamba alikuwa amekuja, ameangalia mizunguko miwili, halafu akakumbuka hajamnywesha ng'ombe akaenda nyumbani.

Jioni nilikwenda kwake. Nilijiambia nakwenda kusalimia. Tulikaa uani, tukapewa chai, na ng'ombe alikuwa anatafuna nyuma yetu.

"Wasemaje, fundi? Ulimaliza?"

"Nilitolewa, mzee."

"Wapi?"

"Hapa kwako. Mwanya wa juu."

"Ai! Hapo si karibu kufika? Ilikuwaje?"

"Nilizunguka na njia. Udongo umelowa. Sikutaka kuvunja ukingo."

Aliweka kikombe chini. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Lakini mwalimu alikuja hapa wiki ile ingine tukaongea. Nilimwambia wapite tu, wavunje. Vijana wake wanarudi Jumatano kutengeneza, wako na majembe. Sasa wewe ulikuwa unamchungia nani?"

"Wazee wote walizunguka," nilisema.

"Hao wako na matuta kwao. Hiyo ni mazoea tu." Akacheka, akanipiga goti kwa upole. "Kunywa chai, fundi. Mbio ni mbio."

Hakuwa anajua alichoniambia. Hakukumbuka hata yale maneno yake ya awali. Nilikuwa nimeyabeba peke yangu mwaka mzima. Nilikunywa chai. Nilitazama mteremko wake, kingo zimemeguka katikati kama meno yaliyong'oka, na nikaona kwamba kama ningezivunja nami, angenikaribisha chai hiihii kwa kicheko hikihiki, ila mimi ningekuwa nimemaliza.

Mwanamke alinisindikiza hadi barabarani.

"Baba alikuwa anacheka tu siku ile," alisema. Kumbe alijua. "Mimi sikutaka umalize mbio. Niko na swali moja. Mwaka ujao, wakati wa kupanda, utakuwa hapa?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mtu yeyote angesema ndiyo. Lakini tangu mchana, tangu kile kitambaa, kitu kilikuwa kimeshaanza ndani yangu, ule ukimya ninaoujua, kama nyumba iliyohamwa. Nilikuwa nimeshaanza kuikumbuka Machakos nikiwa bado nimesimama ndani yake.

"Nitafikiria," nilisema.

"Mtu hufikiria kitu kama hicho?"

Alifunga leso yake vizuri, akarudi ndani.

Nilikaa miezi michache zaidi, nikitengeneza baiskeli, na yeye akiuza machungwa hatua zilezile chache. Tulisalimiana. Mvua ndefu zilipokaribia alikuja kibandani mwenyewe akaniambia kwamba kuna mtu wa Kithimani, mwenye kinu cha kusaga, ametuma wazee kwa baba yake. Aliniambia taratibu, halafu akakaa kwenye kopo la rangi kama mtu anayengoja neno. Nilikuwa nimeshika spoki. Nilimwambia ni vizuri, nimesikia Kithimani kuna biashara.

Siku niliyoondoka nilimwachia muuza maji kibanda na vyombo vingine. Alisema ni upuuzi, akanitukana kwa Kikamba, halafu akanishikia baiskeli nikafunga mzigo. Sikupita sokoni. Nilifuata barabara ya kwenda mji wa Wote, na mbele kidogo nikamkuta mzee kando ya barabara, anakata nepia ya ng'ombe.

"Fundi! Unaenda kuona nani na mzigo mkubwa hivyo?"

"Naenda Wote, mzee. Halafu nitaona."

"Huko kuna mtu anakungoja?"

"Hakuna."

Aliniangalia, akaiangalia baiskeli, akanyoosha mkono tukasalimiana kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Basi nenda kabla jua halijakuwa kali," alisema, akainama tena na panga lake.

Ukitoka pale kuna mteremko mrefu. Nilipanda baiskeli, na kwa muda mrefu sikuhitaji kukanyaga pedali hata mara moja.